Nililima ekari 200 nikabaki na elfu 60: jinsi ya kupanga bei ya trekta bila kujiumiza wala kumuumiza mteja



Wengi mnanijua kwa mafuta ya alizeti na asali. Duka langu lipo Singida mjini, wateja wangu wengi wapo Dar, Dodoma na Arusha, mzigo unapanda basi jioni asubuhi mtu anapokea. Leo nataka niwaambie habari ya biashara yangu ya pembeni, ya trekta, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha kupanga bei. Na nilifundishwa kwa kuchapwa.

Hata kama huna trekta, soma. Hesabu hii hii ndiyo inayokuua kwenye viatu, kwenye vipodozi, kwenye keki. Chukua daftari kabisa.

ILIKUWAJE

Mwaka 2022 mjomba wangu aliuza ng'ombe, akaongezea akiba yake, akawa na milioni 18. Mimi nikatoa milioni 6 kutoka dukani. Tukanunua Massey Ferguson 375 ya mkononi pamoja na plau ya diski tatu, jumla milioni 24. Yeye ana jina kijijini, mimi nina simu na wateja, tukakubaliana kazi ya kutafuta oda na kupanga bei ni yangu.

Bei niliipangaje? Nilipiga simu tatu. Mwenye trekta wa kwanza akasema analima eka kwa elfu 50, wa pili 50, wa tatu 45. Nikajisemea mimi mgeni sokoni, nitaweka elfu 40 niwachukue wateja wote. Nikaweka kwenye stetasi ya WhatsApp: "Tunalima eka 40,000 tu, popote Singida Vijijini na Ikungi."

Simu hazikulala. Mpaka mwisho wa Januari 2023 tulikuwa tumelima ekari 200. Piga hesabu, ni milioni 8. Nilijiona tajiri kijana.

Sasa subiri. Dizeli, dereva, kijana wa kumsaidia, oili na vitu vidogo vidogo vilikula 6,700,000. Ikabaki 1,300,000. Ndani ya hiyo, ekari 31 nilikuwa nimewalimia watu kwa mkopo, "nitakulipa nikivuna". Hiyo ni 1,240,000 iliyokuwa kwenye midomo ya watu. Mfukoni nilikuwa na elfu 60.

Mwezi wa pili tairi la nyuma likapasuka tukiwa tunavuta tela. Tairi la trekta si la bodaboda, niliambiwa 1,300,000. Mimi nina elfu 60. Trekta ikalala chini ya mti miezi mitatu.

Siku moja mjomba alikuja dukani, akakaa kwenye kreti, hakupandisha sauti. Akasema: "Mjomba, trekta imewalimia watu wote. Sisi imetulimia nini?"

Sikuwa na jibu. Tairi nilikuja kulinunua kwa mtaji wa duka, tena mwezi wa tano, wakati alizeti ndiyo inaanza kutoka shambani. Mwaka huo 2023 bei ya alizeti ilishuka vibaya, wenzangu wenye hela walijaza maghala. Mimi hela yangu ilikuwa imekaa kwenye tairi. Mafuta ya kuwauzia wateja wangu wa mtandaoni nikawa nanunua kidogo kidogo kwa watu wa kati, kwa bei yao. Na wale wa mkopo, bei ilivyoanguka, wengi wakashindwa kulipa. Mpaka leo ekari 12 sijalipwa.

Bei mbaya ya biashara ya pembeni karibu iue biashara mama. Ndiyo maana naandika.

KOSA LA KWANZA: KUNAKILI BEI YA JIRANI

Yule wa elfu 45 sikumuuliza trekta yake aliipataje. Labda alirithi. Labda yupo kijiji hicho hicho, hachomi dizeli njiani. Labda na yeye anakula hasara na hajui. Bei ya jirani inakuonyesha wateja wamezoea kulipa ngapi. Gharama yako huwezi kuiona humo.

Kabla ya msimu wa pili nilikaa na dereva na daftari, tukapima kila kitu. Ngoja nikuoneshe.

EKA MOJA INAKULA NINI

Kwanza uelewe kazi yenyewe. Eka ni mita za mraba 4,047. Plau yetu ya diski tatu inakata upana wa kama sentimita 80. Gawanya: ili kuimaliza eka moja trekta inatembea kilomita 5 huku imezamisha diski ardhini. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni saa moja kamili. Ongeza kugeuza kwenye ncha za shamba, visiki, kusimama kusafisha diski, inakuwa saa 1 na dakika 20. Hiyo ndiyo wastani wetu kwenye ardhi ya kawaida.

Gharama za papo hapo kwa eka (dizeli naiweka 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, wewe weka ya kwenu):

- Dizeli ya kulima, lita 7: 21,000
- Dizeli ya kufika shambani, wastani wa lita 1 kwa kila eka: 3,000
- Dereva: 5,000
- Kijana msaidizi: 1,500
- Oili, filta na grisi: 1,500
- Diski, beringi, bolti: 1,500

Jumla 33,500.

Lita 7 sikuzitoa kichwani. Tulijaza tangi mpaka juu asubuhi, tukalima, jioni tukajaza tena mpaka juu. Lita zilizoingia jioni ndizo zilizotumika. Fanya hivyo siku tano kwenye mashamba tofauti upate wastani. Hii njia pia inakata maneno na dereva: ukijua shamba linakula lita 7, akikuambia 10 mnaongea vizuri bila kutuhumiana.

Msimu wa kwanza niliishia hapo. Nikaona 40,000 kutoa 33,500, nabaki na 6,500, safi. Kumbe kuna gharama ambazo hazidai kila siku. Zinakaa kimya, halafu zinakuja siku moja zote.

GHARAMA ZINAZOKAA KIMYA

Uchakavu. Tulinunua milioni 24. Tukiitumia miaka 8, tukaja kuiuza milioni 8, maana yake milioni 16 zitakuwa zimeyeyuka. Gawa kwa miaka 8: milioni 2 kila mwaka. Hakuna anayekuja kukudai hiyo milioni 2. Ila siku trekta ikichoka huna ya kununulia nyingine, na ng'ombe wa mjomba ndio wameondoka hivyo.

Matengenezo makubwa. Tairi, klachi, pampu ya haidroliki. Havitokei kila mwaka lakini lazima vitokee. Tunaweka 1,600,000 kwa mwaka.

Bima, sehemu ya kulaza trekta na mlinzi: 400,000 kwa mwaka.

Jumla milioni 4 kwa mwaka, iwe umelima au hujalima.

Sasa unaigawaje? Watu wengi wanagawa kwa ekari, lakini trekta yetu inavuta na tela wakati wa mavuno, kwa hiyo tunagawa kwa saa. Kwa mwaka tunafanya kazi kama saa 400, kulima na tela pamoja. Milioni 4 gawa kwa 400 ni 10,000 kwa saa. Eka inachukua saa 1 na dakika 20, kwa hiyo eka inabeba 13,300.

33,500 jumlisha 13,300 ni 46,800.

Bado. Zile ekari 12 ambazo sijalipwa, kwa 40,000 kila moja, ni 480,000. Ukizigawa kwa ekari 200 ni 2,400 kwa eka. Huo ni mzigo wa wasiolipa, na ukweli mchungu ni kwamba wanaolipa ndio wanaoubeba. Tumefika 49,200.

Na mimi mwenyewe? Napokea simu usiku, napima mashamba, nafuatilia madeni. Kama ningemwajiri mtu ningemlipa. Nikajiwekea 2,000 kwa eka.

Jumla ya kweli: 51,200.

Umeona? Mimi nilikuwa nalima kwa 40,000. Kila eka nilikuwa nampa mteja zawadi ya 11,200 bila yeye kujua na bila mimi kujua. Mara ekari 200 ni 2,240,000. Hilo ndilo tairi langu, na huo ndio mtaji wangu wa alizeti.

BEI TULIYOWEKA

Tukaweka 55,000. Faida halisi ni 3,800 kwa eka. Utasema ndogo. Ni ndogo kweli, lakini ni faida ambayo kila kitu kimeshalipwa, hata tairi la mwaka kesho. Na mimi nimeshalipwa.

Niliogopa. Nilijua wateja watakimbia. Nikafanya kitu kimoja: sikuandika "bei imepanda". Nilirekodi sauti ya dakika mbili, nikaeleza lita, dereva, tairi, kama nilivyokueleza hapa, nikatuma kwa wateja wote. Wapo waliokwenda kwingine. Wengi walibaki. Mzee mmoja alinijibu: "Nilikuwa nashangaa mnapata wapi faida, nikajua mwaka kesho hamtakuwepo." Mteja mwenye akili anaiogopa bei ya kutupwa, maana anajua utamwacha njiani katikati ya mvua.

Sasa tuje kwenye upande wa pili. Bei ya haki inamlinda na mteja pia. Hapa nilikosea mara mbili.

EKA YAKO NI EKA KWELI?

Huku kwetu eka ni "sabini kwa sabini". Lakini sabini ya nini?

Kipimo hiki kinakaa sawa ukipiga hatua ndefu, ya yadi moja, yaani kama sentimita 91. Hatua 70 za hivyo ni mita 64, na 64 kwa 64 ni 4,096, karibu sawa na eka.

Mteja mmoja alikuja na kamba yake ya mita 70. Mita, siyo hatua. 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Hiyo ni eka moja na zaidi ya moja ya tano. Kwa bei yangu ya zamani ya 40,000, nilikuwa nalipwa elfu 33 na shilingi kidogo kwa eka halisi. Hata gharama za papo hapo hazirudi zote!

Lakini geuza upande. Dereva mfupi, au mjanja, anapiga hatua za sentimita 75. Hatua 70 zinakuwa mita 52 na nusu. Hiyo ni mita za mraba 2,756, yaani kama theluthi mbili ya eka. Mama wa watu analipa eka nzima. Ulijiona una bei nafuu, kumbe umemwibia theluthi.

Dawa: tengeneza kamba ya mita 63 na sentimita 60, 63.6 kwa 63.6 ndiyo eka. Pima na mteja akiwepo, au mmoja wa nyumbani kwake. Shamba likiwa limepinda pinda, tumia programu ya kupima eneo kwenye simu, zunguka naye mpakani, muonyeshe namba. Tangu tuanze kamba, ugomvi wa ekari umekwisha.

Na kina vilevile ni kipimo. Dereva anayelipwa kwa eka anapenda kunyanyua plau ili akimbie. Shamba linakwanguliwa tu juu, mvua ikija maji yanateleza badala ya kuzama, na mvua zetu za Singida unazijua, ni msimu mmoja, ukiupoteza umepoteza mwaka. Tuna kijiti chenye alama ya sentimita 20. Mteja anachomeka mwenyewe popote anapotaka. Elfu 2 ya dereva kwa kila eka inatoka mteja akisharidhika.

SIKU NILIYOPANDISHA BEI KWENYE MVUA

Hii naisema kwa aibu.

Msimu wa pili, mwisho wa 2023, mvua zilikuja kubwa, zile za El Niño. Mvua ya kwanza ikishuka kila mtu anataka kulima wiki hiyo hiyo. Simu inaita mpaka inaishiwa chaji. Nikaona hapa ndipo pa kutengeneza hela. Siku moja tu, kila aliyepiga nilimwambia elfu 70.

Tulilima ekari 9 siku hiyo na kesho yake asubuhi. Nilipata 135,000 ya ziada. Mbili kati ya hizo zilikuwa za mama mmoja mjane. Alilipa 140,000 taslimu. Nikaja kusikia baadaye kuwa aliuza kuku wake, na mnajua kuku wa kienyeji kwa Singida ndiyo benki ya mama.

Msimu uliofuata nikatangaza kama kawaida. Kitongoji chao kimya. Walikuwa wameshaita trekta nyingine, wote, kama ekari 22. Piga hesabu: kila eka ya 55,000 ukitoa gharama za papo hapo inabaki 21,500 ya kulipia tairi, uchakavu na faida. Mara 22 ni 473,000. Nilichuma 135,000 nikapoteza 473,000, na jina juu yake.

Nilimrudishia yule mama 30,000 yake. Akaniambia: "Hela nimepokea mwanangu, lakini mitetea wangu hawarudi." Sijasahau.

Kwa hiyo sasa tuna sheria. Bei inatangazwa mwezi wa kumi na haibadiliki mpaka mwisho wa Januari, mvua inyeshe isinyeshe. Anayetangulia kulipia ndiye anayetangulia kulimiwa. Kitu kimoja tu kinaweza kuisogeza bei: dizeli. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mtu anaweza kuiona. Eka inatumia lita 8 ukijumlisha na safari, kwa hiyo lita ikipanda shilingi 200, eka inapanda 1,600. Ikishuka 200, eka inashuka 1,600. Na tunashusha kweli. Ukipandisha tu bila kushusha, sheria yako ni uongo.

PUNGUZO LENYE SABABU

Zamani nilikuwa natoa punguzo kwa sababu mtu ameongea vizuri. Sasa punguzo lazima litoke kwenye gharama iliyopungua.

Mtu anayelipa mwezi wa kumi kabla ya msimu: ameniondolea mzigo wa wasiolipa, ile 2,400. Namlimia kwa 53,000. Na hela yake inanisaidia kufanya sevisi kabla ya mvua.

Majirani wakikusanyika wakafika ekari 10 sehemu moja: dizeli ya njiani inapungua, nawapunguzia 2,000 kwa eka.

Nusu eka peke yake mbali huko: safari ni ile ile, kwa hiyo siwezi kuchukua 27,500. Nachukua 35,000, na namweleza kwa nini. Mara nyingi anaenda kumtafuta jirani yake.

Mashamba ya mbuga, ule udongo mweusi unaoganda: yanakula lita 10 badala ya 7, na saa 1 na dakika 45. Dizeli ya ziada 9,000, muda wa ziada kama 4,000. Bei 68,000. Wa kichanga hawapaswi kumlipia wa mbuga.

Shamba jipya lenye visiki: hapo hatuhesabu eka, tunahesabu saa, elfu 42 kwa saa, na visiki vikubwa mteja ang'oe kwanza. Diski ikivunjika kwenye kisiki hakuna faida ya eka itakayoilipa.

MKOPO WA MPAKA NIVUNE

Kukataa mkopo kabisa huku haiwezekani. Desemba mkulima hana hela, hela yake ipo ardhini. Lakini sheria yetu ni hii: gharama za papo hapo hazikopwi. Dizeli naitoa mfukoni leo, haiwezi kungoja mwezi wa sita. Mteja anatoa 35,000 kabla trekta haijaingia shambani. Inayobaki, 20,000, inaweza kungoja mavuno, kwa mtu tuliyemlimia angalau misimu miwili na akalipa. Tunaandikishana karatasi mbili, yake na yangu, na mtu mmoja wa kushuhudia. Asipolipa kabisa, sijapata faida lakini sijala mtaji.

Anayetaka kulipa kwa alizeti, karibu, mimi nakamua mafuta. Ila bei ni ya soko ya siku anayoleta, na tunapima kwa mizani, kwa kilo. Kuna watu wanakuja Desemba mkulima ana njaa, wanamwandikia gunia kwa bei ya chini, halafu mwezi wa sita wanachukua lumbesa. Sitaki hela hiyo.

Na kabla sijapanga bei ya mwaka huwa najiuliza: kulima eka moja kunamla mteja magunia mangapi ya alizeti? Nikikuta kulima peke yake kunaenda magunia mawili kati ya matano au sita atakayovuna, najua hatalipa, hata awe mwaminifu vipi. Hapo sishushi bei chini ya 51,200, natafuta mahali pa kupunguza gharama: kukusanya mashamba ya sehemu moja, au kumshauri eka moja alime kwa ng'ombe na moja kwa trekta. Ndiyo, namshauri ng'ombe. Amerudi kwangu mwaka uliofuata.

SASA WEWE MWENYE DUKA LA MTANDAONI

Badilisha majina tu.

Dizeli yako ni bei ya kununulia mzigo. Safari ya trekta ni nauli ya basi, bodaboda ya kupeleka stendi, mifuko, makato ya kutolea hela. Uchakavu wako ni simu unayopigia picha, friji, mashine ya kushonea. Wasiolipa kwako ni mzigo uliorudishwa, chupa ya asali iliyopasuka njiani, mteja aliyesema "nitumie nitakulipa" akazima simu. Na wewe mwenyewe, unayejibu meseji saa sita usiku, jiandikie mshahara hata mdogo.

Fanya hivi wiki hii:

1. Chukua bidhaa moja inayotoka sana. Andika gharama zake za papo hapo, zote, hata mfuko wa mia mbili.
2. Andika vitu vinavyochakaa na vinavyokuja mara moja kwa mwaka. Gawa kwa idadi unayouza mwaka mzima.
3. Angalia daftari la madeni na hasara, gawa vilevile.
4. Weka mshahara wako.
5. Hiyo jumla ndiyo sakafu yako. Chini ya hapo hata ndugu asishuke. Juu yake weka faida, halafu ndipo uangalie bei ya jirani.
6. Jiulize kama ungeweza kumsomea mteja hesabu yako yote bila kuona aibu. Kama kuna mstari ungeuruka, huo mstari ndio wa kurekebisha.

Mwisho wa msimu uliopita tulikaa na mjomba tena, safari hii kwake, tukiwa na daftari. Kwenye akaunti ya trekta, ambayo haigusani na ya duka, kulikuwa na hela ya tairi lingine na ya sevisi, na akiba ya uchakavu imeanza. Aliangalia namba muda mrefu. Akauliza swali moja tu: "Hii hela ya tairi, tairi halijapasuka, kwa nini ipo?"

Nikamwambia, "Mjomba, ndiyo bei."

Alicheka. Tukaagiza chai.

Mpe mwenzako anayeuza kwa bei ya kutupwa asome. Na wewe niambie hapo chini: bei yako uliitoa wapi, kwenye daftari lako au kwenye stetasi ya jirani?